Uso wa Shemeji Hamisi

Jumamosi, 6 Julai

Asubuhi picha za paspoti za wanafunzi. Wote wamenuna kama walionyweshwa mwarobaini. Saa sita nikafunga studio, nikashuka Bangwe, kando ya ziwa, kwenye mafunzo ya kusafisha picha kwa jua.

Mwalimu ni binti. Anaitwa Godeliva, mtoto wa Mwandiga, wazee wake walitoka Burundi zamani. Nilitegemea mtu mwenye mvi. Mimi nimo kwenye picha tangu enzi za filamu, chumvi nimekula, leo nafundishwa na mtu ambaye ningeweza kumzaa. Nikakaa nyuma, mikono nimeikunja. Nilitaka akosee.

Hakukosea. Alichanganya dawa mbili kwenye bakuli, zikawa maji ya njano yenye ukijani. Akaipaka karatasi kwa brashi ndani ya chumba chenye pazia zito, akaiacha ikauke. Juu yake akapanga dagaa wakavu, kitoweo chake mwenyewe cha mchana, akawafunika kwa kioo na kuitoa juani. Halafu akaisuuza kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa. Bluu ikatoka. Bluu nzito, na dagaa weupe wamo ndani yake, mpaka mapezi unayaona. Hakuna kamera, hakuna mashine, hakuna umeme.

Mikono niliikunjua bila kujua. Dagaa wenyewe akaenda kuwakaanga.

Jumanne, 9 Julai

Nimetoka Ujiji kwa Dada Zainabu. Yuko edani tangu mumewe afariki, Shemeji Hamisi, fundi wa injini za boti. Atatoka eda Jumamosi ya wiki ijayo, na Jumatatu yake anahamia Mpanda kwa mwanawe. Nyumba haikaliki tena. Ziwa lilipopanda liliingia mpaka chumbani, albamu zote zikawa uji.

Shemeji alikuwa mkorofi wa kamera. Ukimwelekezea simu anageuza shingo. Ile ya kitambulisho haifai, pale kila mtu anafanana na mfungwa. Kilichobaki ni negativu moja, pana kama kiganja, niliyoipiga mwenyewe siku ya harusi yao kwa kamera ya zamani ya studio. Chumba cha giza nilishakiuza. Karatasi zake hazipatikani mji huu. Basi mwezi uliopita nikaipiga negativu kwa simu, nikaipeleka kwa kijana mmoja wa mjini anayechapa picha. Akasema ataiboresha kwa programu. Ikarudi na bwana mzuri sana. Pua nyembamba, ngozi kama sahani, kovu la kwenye nyusi halipo. Dada aliitazama akauliza, "Huyu ni nani?"

Leo amenieleza jambo ambalo limenikosesha hamu ya kula.

"Mwanaidi, sura yake inanitoka. Sauti naikumbuka, kikohozi nakikumbuka. Nikiutafuta uso anakuja yule wa kwenye simu yako. Usiniletee picha nyingine tena."

Yule wa kwenye simu mimi ndiye niliyempeleka. Lazima nimwondoe.

Alhamisi, 11 Julai

Bangwe tena. Nilikwenda na negativu kwenye mkoba. Nikamwambia Godeliva shida yangu yote, mpaka ya Mpanda. Alisikiliza hadi mwisho. Akaishika negativu kwa kingo, akaiinua kwenye mwanga. Kisha akanirudishia.

"Bado, mama. Kwanza mkono wako."

Nikakasirika. Nikamwambia mkono wangu huu umepiga picha mkoa mzima. Akacheka kwa adabu, akanipa jani la mpapai na karatasi niliyoipaka mwenyewe. Sikungoja ikauke sawasawa. Jani likaganda kwenye karatasi, nilipolibandua likachukua nusu ya dawa. Alinitazama tu. Nikaiona akilini negativu ya Shemeji iko pale mahali pa jani.

Anajua anachokifanya. Imeniuma kuandika hivyo, lakini ndiyo kweli.

Jumamosi, 13 Julai

Siku nzuri. Nimeharibu nyingi, nimepata chache.

Ninachokipenda kwake: hagusi karatasi yako. Wengine tungekunyang'anya brashi tukakuonyesha, ndivyo nilivyofundishwa mimi, kwa kunyang'anywa na kusonywa. Yeye anasimama pembeni. Ukikosea anasema, "Ego, mama. Tena. Buhoro buhoro," yaani ndiyo, polepole. Kirundi chake kinatoka anapofurahi, hata kama cha kufurahia hakipo. Mwalimu wa shule mmoja tunayejifunza naye alimwaga bakuli zima la dawa, na dawa ni ya kuagiza Dar. Godeliva alivuta pumzi, akachukua kitambaa, akaanza kufuta. Mimi ningemtimua.

Na jua analisoma. Hatazami saa. Anatazama ukingo wa karatasi: njano inakuwa kijani, kijani inakuwa kijivu, na kijivu kikianza kung'aa kama sufuria kuukuu, hapo anaitoa. Wiki hii wanachoma nyasi milimani, moshi umetanda juu ya ziwa, jua halina nguvu. Yeye anaongeza subira tu. Usione vyaelea, vimeundwa. Nilidhani bluu ile ni dawa. Kumbe ni macho yake.

Jumatatu, 15 Julai

Ameniruhusu. Nilimweka Shemeji juani saa tano, negativu juu ya karatasi, kioo juu yake, vibanio vya nguo pembeni. Nilisimama pale kama ninayelinda maiti. Wingu la moshi likapita, nikaitoa mapema kwa woga. Uso ulitoka hafifu, kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Lakini ni yeye. Bwana mzuri wa kwenye simu hakuonekana.

Habari mbaya: dawa inakaribia kwisha, na mzigo wa Dar haujafika. Imebaki ya karatasi moja. Wenzangu wote walikubali niichukue mimi. Mwalimu wa shule ndiye aliyetangulia kusema. Nimemsamehe bakuli lake.

Jumatano, 17 Julai

Siwezi kuandika vizuri.

Jua lilikuwa la kutosha. Nilisubiri mpaka kijivu kikang'aa, sikuogopa. Godeliva alikuwa ameitwa Mwandiga, mama yake anaumwa. Pipa la mvua tupu, bomba halitoi tangu jana. Mwalimu wa shule akasema tusubiri. Nikamwambia ziwa lote hili liko miguuni petu, tusubiri nini? Sisi wa Ujiji tumezaliwa humo. Tumeoga humo, tumefulia humo, tumekunywa humo. Maji yanaonyesha mpaka mawe ya chini. Nikateka ndoo mwenyewe.

Shemeji alitoka. Alitoka mzima. Nyusi na kovu lake, sikio lililokunjika kwa juu, mdomo wa mtu anayezuia kicheko. Bluu kama usiku unavyoingia. Tulipiga kelele, watu wa jirani wakaja.

Kisha nikafanya kama mama alivyotufundisha na nguo: usiache mpaka maji yamekuwa safi kabisa. Nikamwaga, nikateka mengine. Nikamwaga, nikateka mengine. Nikamwacha humo alowe, nikaenda kuswali Alasiri. Nikakaa kidogo na watu, najisifu.

Niliporudi hayupo. Karatasi ya njano iliyopauka, na kivuli cha kichwa. Maji safi kabisa. Nimelia mbele ya watu, mtu mzima mimi.

Alhamisi, 18 Julai

Godeliva amerudi. Nilitaka anigombeze, ningepata nafuu. Aliichukua karatasi, akauliza tu nimeisuuza na nini. Nikasema. Akashangaa.

Hakujua. Amesema wazi mbele ya wote, "Hili sikulijua." Amejifunzia Mwandiga kwa maji ya mvua, hakuwahi kulitumia ziwa. Hapohapo akachukua vipande vya karatasi za bluu zilizoharibika. Kimoja kwenye maji ya ziwa, kimoja kwenye maji ya chupa. Tukakaa tunavitazama kama mboga jikoni. Cha chupa kikabaki bluu. Cha ziwa kikaanza kufifia taratibu. Akasema maji yetu yana tabia ya magadi, na magadi ndiyo adui wa bluu. Kitone cha ndimu kingeiokoa. Miaka yote hii ninayakunywa, sikujua yana magadi.

Maji yakimwagika hayazoleki, nikamwambia. Nikaichukua karatasi niikunje, niitupe.

"Usitupe, mama."

Kilichoondoka ni bluu, anasema. Chuma cha kwenye dawa bado kimo ndani ya karatasi, kimelala tu. Majani ya chai yanaweza kukiamsha, kikawa cheusi au kahawia. Amewahi kufanya hivyo kwa majani ya miti, kwa kukusudia, kwa magadi kidogo aliyoyapima. Kwa uso hajawahi. Na kwa karatasi iliyooshwa na ziwa kutwa nzima, hajui. Chai inaweza kuitia doa karatasi yote, hata kivuli hiki tukakikosa. Akasema, "Ni chako. Amua wewe."

Sikuamua. Nimerudi nacho nyumbani Katubuka. Nimekiegemeza ukutani, nimekitazama jioni yote. Ile hafifu ya Jumatatu haitoshi. Nikikibakiza hivi, nitampelekea Dada nini? Kichwa kisicho na macho. Atapata mtu wa tatu wa kumchanganya.

Ijumaa, 19 Julai

Nilifika Bangwe mapema kabla ya watu. Godeliva alikuwa ameshaamka, sufuria iko tayari na maji ya chupa, jiko limewashwa. Hakuuliza. Alikuwa anajua nitakuja, au alikuwa anaomba nije.

Chai nyeusi, nzito, haina sukari. Nikamtania kwamba Shemeji alikuwa hanywi chai bila sukari. Akasema leo atavumilia. Tukaiacha ipoe. Akanisogezea sinia.

"Weka wewe."

Niliiweka. Kwanza hakuna kitu. Karatasi ikaanza kuwa rangi ya maziwa ya chai, yote, nikajua tumekwisha. Nikafumba macho. Nikahisi mkono wake begani.

Nilipofumbua, nyusi zilikuwa zimetoka. Nyusi tu, na kovu katikati ya mmoja. Kisha ukosi wa kanzu. Kisha tundu la pua, sikio, mdomo. Havikutoka kwa pamoja. Alikuja kidogo kidogo, kama anayefikiria kama aje au asije. Kahawia, nyeusi kwenye macho. Nyuma yake karatasi imeshika rangi ya chai na doa moja kubwa pembeni. Sijali doa.

Na bluu ile niliyoililia? Ilikuwa nzuri. Lakini Shemeji hakuwa mtu wa bluu. Huyu wa sasa ana rangi ya mtu.

Godeliva alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaniambia kitu ambacho sitakisahau: "Asante kwa kunifundisha, mama." Mimi! Niliyeharibu! Nimefundishwa na mafundi wengi, wote wanajua kila kitu. Huyu ndiye wa kwanza niliyemsikia akisema hajui, na bado nikamwamini kwa kitu nisichoweza kukipata tena. Nampenda binti huyu. Siku zote hizi nilikuwa namwita binti. Leo nilipoaga nimemwita Mwalimu. Akainama kuokota kibanio, nadhani machozi yalimtoka.

Amemsuuza Shemeji kwa maji ya chupa. Mara moja tu.

Jumamosi, 20 Julai

Dada ametoka eda. Wamemwogesha, wamefukiza ubani, amevaa doti mpya, mikono ina hina. Nyumba imejaa wanawake wa Ujiji, pilau, vicheko, na vilio vya ghafla jikoni. Picha ilikuwa kwenye mkoba wangu kutwa nzima. Sikuitoa. Watu wengi. Hapana, niseme kweli: niliogopa. Akiuliza tena "Huyu ni nani?" sijui nitajiweka wapi.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda asubuhi kumsaidia kufunga mizigo. Tulikuwa wawili tu. Mabegi yako mlangoni, kitanda hakina shuka.

Nilimwambia nimeleta picha. Akasema alishanikataza. Nikamwambia hii hakuitengeneza mtu wala mashine, imetengenezwa na jua, ziwa na chai. Akaniona nimechanganyikiwa. Nikaiweka juu ya godoro, nikarudi nyuma mpaka ukutani.

Hakuichukua. Aliinama. Akaitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole chenye hina, akakishusha taratibu karibu na karatasi bila kuigusa.

"Wewe," akaiambia. "Hata siku ya harusi umeshindwa kuchana ndevu."

Akaketi kitandani. Akavuta mtandio, akajitengeneza vizuri kichwani, kama mtu aliyebishiwa hodi.

"Mwanaidi, mdogo wangu. Tupishe kidogo."

Nikatoka, nikarudishia mlango. Nikakaa uani kwenye mkeka na ungo wa mchele. Kutoka ndani nilimsikia anaongea kwa sauti ya chini, haharakishi. Alimweleza Shemeji maji yalipofika, nani alikuja msibani na nani hakuja, mjukuu ameota meno, kesho ni safari. Mara nyingine alinyamaza, halafu akaendelea, kama aliyejibiwa.

Mchele ulikuwa safi. Niliendelea kuuchambua.