Wiki Tuliyohamisha Mtiririko wa Maboza

Jumatatu, 3 Machi

Chai, kiporo cha wali, laptop mezani hata viatu sijavaa. Nimezoea vibaya. Kila asubuhi kabla ya kutoka Goba lazima nione ramani ya maboza ya maji: lipi limeshajaza, lipi liko njiani, lipi dereva wake bado kalala. Leo yote yanaonekana. Safi.

Kisha barua pepe. Kampuni ya nje inayotutunzia mtiririko wa data imetoa maboresho. Mtambo wa aina ya zamani, yaani huu wetu, utafungwa mwisho wa mwezi. Kila mteja ahamie mpya.

Nimeisoma nimesimama. Nikaisoma tena nimekaa. Mambo mazuri mno. Mtambo mpya unajipanua wenyewe oda zikiwa nyingi, zikipungua unajipunguza. Unatunza ujumbe wa siku nyingi nyuma. Mtandao ukikatika, ukirudi unaendelea palepale ulipoishia. Ujumbe mmoja hausomwi mara mbili. Na uliokosewa kuandikwa unakataliwa mlangoni. Mtu mzima mie, nimefurahi kama nimenunuliwa nguo ya sikukuu.

Maana huo mtiririko ndio roho ya kampuni. Mteja anaagiza maji kwa simu, dereva anaiona oda, boza linatuma kila mara lilipo na maji yaliyobaki. Taarifa zote hizo zinapita njia moja, na njia yenyewe haipo ofisini Boko wala haipo Tanzania. Sie tunamimina huku, tunachota kule. Ikiziba, maboza yanazurura tu.

Nikamweleza Bi Salma, mwenye kampuni. Familia yao ni Waarabu wa Temeke, wana duka kule tangu enzi za babu yake. Amezoea biashara anayoweza kuishika kwa mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hataki. Nimkumbushe mwezi ukiwa unaisha.

Nimekasirika. Sikumwonyesha.

Jumanne, 4 Machi

Kituko. Maboza mawili yamefika nyumba moja, Goba, juu kabisa kilimani. Yamebanana kwenye kinjia chembamba, hakuna gari linalopita. Oda ilikuwa moja. Mtambo wetu umeisoma mara mbili.

Bahati, mama mwenye nyumba alikuwa na shughuli ya arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wake. Hakugomba. Kajaza tangi la simtank, kajaza mapipa, kaita majirani na ndoo zao. Dereva wa boza la pili, Mzee Nandonde, kawekewa pilau na kukaribishwa jamvini na wazee wenzake. Kakaa mpaka mchana. Kaniletea sahani iliyofunikwa, kwa sababu wote tunatoka Masasi na yeye ananihesabu mwanawe.

Bi Salma alicheka sana. Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama hicho kitu kipya kingezuia hili. Nikasema ndiyo. Akatoa ruhusa ya kujaribu, lakini boza moja tu, la Mzee Nandonde, tena likipata matatizo nitalisukuma mwenyewe.

Pilau lilikuwa na viazi vikubwa. Nimekula lote.

Jumatano, 5 Machi

Idrisa hasemi na mie. Chumba cha kompyuta tuko wawili tu, kwa hiyo kimya chake hakina pa kwenda.

Yeye ndiye aliyejenga mfumo wa zamani, kabla sijaajiriwa. Oda zikizidi yeye ndiye anayeongeza seva kwa mkono. Nafasi ikijaa yeye ndiye anayefuta ujumbe wa nyuma. Nimewahi kumwona akifanya hivyo huku anakula muhindi. Na leo mie nimekaa pembeni yake, nasoma kwa sauti kwamba vyote hivyo sasa vitajifanya vyenyewe. Nacheka na kucheka. Sikufikiria.

Mchana akanigeukia.

"Agnes, vikishajifanya vyenyewe, sie tutakuwa tunafanya nini hapa?"

Nikamwambia sijui. Afadhali ningedanganya. Akaenda kuswali adhuhuri, kurudi mezani ni alasiri.

Roho imeniuma mpaka nyumbani. Nampenda Idrisa. Kikazi.

Nimeandika kikazi. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio. Asubuhi nimeliunganisha boza la Mzee Nandonde na mtambo mpya. Likaonekana kwenye ramani. Likatembea. Nikapiga makofi peke yangu.

Halafu likapotea. Boza zima, na ukubwa wake wote, halipo duniani.

Bi Salma alikuwa nyuma ya kiti changu. Hicho ndicho kilichonitisha. Nikampigia Mzee. Shikamoo, uko wapi? Marahaba, akajibu, yuko getini, anaomba nimwambie mlinzi afungue. Nikachungulia dirishani. Boza hilo hapo, bluu, linanguruma. Kwenye ramani, hakuna kitu.

Nimetafuta kosa hadi macho yakauma. Ujumbe wa boza ulikuwa unafika na kurudishwa, unafika na kurudishwa. Nikaanza kujilaumu. Nimeahidi makubwa mbele ya Bi Salma, sasa nashindwa na gari moja lililo uani.

Idrisa akavuta kiti chake taratibu mpaka pembeni yangu. Akaangalia skrini kidogo, akaanza kutabasamu, mara ya kwanza tangu juzi. Kumbe kifaa cha boza hilo ni cha zamani kuliko vyote. Maji yakiisha hakiandiki sifuri, kinaandika neno "tupu". Mtambo wa zamani ulikuwa unameza chochote. Huu mpya unataka namba, ukipewa neno unakataa ujumbe mzima. Na boza lilipotea pale pale lilipomaliza kushusha maji.

"Hiyo 'tupu' niliiandika mie," akasema. "Enzi hizo tulikuwa na boza moja, nikaona inapendeza."

Akaandika kipande kidogo cha programu cha kukaa kati: kinapokea "tupu", kinatoa sifuri, kisha ndiyo ujumbe unapita. Kufumba na kufumbua, boza likarudi duniani. Mie peke yangu ningekaa hapo mpaka Ijumaa. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Kumbe kazi bado ipo," akasema.

Tumekula chips kavu pamoja. Kalipia yeye pilipili ya ziada, ambayo huwa ni ya bure. Nimefurahi kupita kiasi.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Salma amekubali. Idrisa na wenzake waliporudi kutoka msikitini tumehamisha maboza yote, moja moja. Kila moja linalotokea kwenye ramani, Idrisa anasema karibu, kama anapokea wageni wa harusi. Hakuna lililopotea. Nimechoka vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Asubuhi maji yamekatika karibu kila upande. Watu wanasema bomba kubwa limepasuka. Oda zikaanza hata chai hatujanywa. Goba, Boko, mpaka Gongo la Mboto upande wa pili wa jiji. Mie sijawahi kuona oda nyingi hivyo. Mtambo wa zamani ungekuwa umeshakabwa koo. Huu ukajipanua. Tuliuona mstari kwenye skrini ukipanda, ukapanda tena, na oda zikawa zinapita tu. Idrisa alikuwa kama dereva aliyenyang'anywa usukani, mikono hajui aiweke wapi. Nilimcheka.

Kisha intaneti ya ofisi ikakatika.

Ramani ikaganda. Simu za Bi Salma zikaanza kulia zote kwa pamoja. Wateja walikuwa bado wanaagiza, na oda zao zinakwenda tusikokuona. Kuahidi kwenye barua pepe ni jambo moja, kutimiza ni lingine. Bi Salma akaniangalia.

"Agnes, uliniambia hakipotei kitu."

Nilimwambia ndiyo, hakipotei. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Idrisa akawasha intaneti ya simu yake, tukaunganisha kompyuta. Ikasuasua. Ikashika. Mtambo ukaanza palepale tulipoishia, na oda zote zilizoingia tukiwa gizani zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine, kwa zamu yake. Hakuna iliyopotea. Hakuna iliyojirudia. Nilitaka kulia.

Kati ya hizo, moja imewekwa alama ya dharura. Zahanati ya wazazi, Gongo la Mboto. Bi Salma akapiga mwenyewe. Nesi akasema tangi limekauka, wana kina mama wawili leba, na maji ya kunawa mikono yamebaki ya ndoo moja. Ameagiza muda mrefu uliopita, anashangaa hakuna anayejibu.

Boza la karibu lilikuwa la Mzee Nandonde. Limejaa, lakini ni maji ya mteja mwingine, mwenye sehemu ya kuoshea magari, na lilikuwa linakaribia kwake. Nikadhani tutabishana. Bi Salma hakunipa hata nafasi ya kueleza. Akampigia yule bwana, akamsalimia vizuri, akamuulizia watoto.

"Maji yako nayapeleka kwa wazazi. Utapata mengine."

Akakata kabla hajajibiwa.

Nikampigia Mzee. Hakuuliza swali, aliuliza njia tu. Tukakaa watatu mbele ya skrini. Nukta ya boza lake kwenye ramani ikageuka. Ikashika Barabara ya Pugu. Ikasimama kwenye foleni, na sie tukasimama nayo. Bi Salma alikuwa anasoma dua chinichini. Mie nikamwomba Mungu wangu, nadhani dua zetu zilifika mahali pamoja. Nukta ikasogea. Ikasimama tena. Ikaacha lami, ikaingia ndani, ikatulia.

Simu ikalia.

"Mwanangu," Mzee akasema, "mpira umeshaingia kwenye tangi. Maji yanashuka."

Bi Salma alikaa chini sakafuni, na baibui lake jipya. Idrisa akanishika bega. Akasahau kuliachia. Sikumkumbusha.

Jioni nesi kapiga. Mtoto wa kike na mtoto wa kiume, mama zao wazima. Mzee Nandonde alikuwa bado yuko hapo zahanati, kagoma kuondoka mpaka apate habari. Mteja wa kuosha magari naye kapata maji yake, na Bi Salma kamwongezea.

Wakati wa kufunga ofisi Bi Salma akaniuliza kama hao watu wa mtambo watabadilisha tena vitu. Nikasema watabadilisha, kila mara wanabadilisha. Akafikiri. Akasema basi nikiona barua yao nyingine nimpelekee siku hiyohiyo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Kisha kufua.

Mvua imenikuta nguo ziko kambani. Nimeanua nusu, nusu zimelowa, sikujali. Goba yote imetoa ndoo nje. Nami nimetoa zangu.

Nimefungua ramani mara moja tu. Maboza yote yamelala uani Boko, yamepangana. Hakuna oda. Ule mstari wa jana umelala chini kabisa, na mtambo umejipunguza wenyewe bila mtu kuuambia.

Idrisa katuma ujumbe. Anauliza kama kwangu kunavuja.

Hakuvuji. Nimemjibu kunavuja kidogo.

Anakuja. Nimebandika chai ya watu wawili.