Jua la Julai Liko Nyuma ya Nyumba

Mdogo wangu mpendwa Mghoi,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na Crispin na Mama yetu. Kabla sijasema jambo lolote, niambie: mguu wa Mama umepona? Na kile kifua chako kimekuachilia? Najua ukungu wa Mbololo mwezi huu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu hainipi nafasi. Nikianza tu kueleza jambo, Crispin hunikatiza, "Mwalimu, bando linaisha." Binti yangu Wakesho atapiga picha kurasa hizi zote akutumie leo hii. Mwambie mumeo kwamba karatasi haina bando, kwa hiyo akae kitako asome.

Huku Ujerumani sasa ni kiangazi, na jua linatua saa ambayo watoto walipaswa kuwa wamelala zamani. Kila jioni ni vita. Nawaambia wajukuu zangu waingie kitandani, wananionyesha dirisha. "Babu, bado ni mchana!" Mama yao akiwa zamu hospitalini, mimi ndiye polisi, na ni polisi asiyeogopwa. Magoti yangu hayajazoea ngazi za nyumba hii ya ghorofa. Lakini kinachonichosha zaidi ni ukimya. Naweza kwenda dukani na kurudi bila mtu kunijulia hali. Sisi huko hata ukiwa na haraka ya kuzaa utasimamishwa uulizwe habari za nyumbani.

Anayenisalimu ni mmoja tu, jirani yetu wa chini, mzee mjane aitwaye Dieter. Bustani yake iko ng'ambo ya njia, na juu ya kibanda chake amefunga sola zilizoinuka sana, zikitazama kusini. Juzi nilimuuliza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza kwa nini zimesimama hivyo, karibu kama mlango. Akafurahi kupata mtu wa kumweleza. Alisema jua la kwao halipandi mpaka utosini hata siku moja. Mwaka mzima hupita upande wa kusini, na wakati wa baridi huwa chini kabisa, kwa hiyo lazima sola ziinuliwe ili zilitazame usoni. Kisha akaniuliza, "Na kwenu saa sita mchana jua husimama upande gani?"

Nikamjibu, "Inategemea mwezi."

Alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti. Alidhani namtania.

Mghoi, ndipo nilipowakumbuka ninyi na yale maneno yetu ya Jumapili kwenye simu. Ulikuwapo, lakini nataka nikurudishie nilivyosikia mimi, maana aliye mbali husikia tofauti. Crispin alisema stima ya sola haifiki tena asubuhi, friji inazima kabla ya kupambazuka, na dawa ya sukari ya Mama haiwezi kuachwa hivyo. Hapo ana haki kabisa. Kisha akasema ule mparachichi wa mbele ya nyumba ndio unaowanyima jua, na Jumamosi anakuja mtu kutoka Voi na msumeno wa injini.

Nikamuuliza, "Umejuaje kuwa ni mti?"

"Shemeji, mti uko pale! Ni mkubwa! Kuna nini kingine?"

Nikakusikia wewe kwa nyuma, "Kaka, muulize ni nani alitaka sola ziangalie barabara."

"Wewe nyamaza. Hilo lilikuwa shauri la fundi."

"Fundi aliuliza. Ukamwambia, weka hapo mbele wapita njia waone."

"Basi hata Ujerumani ziko hivyo! Nimeona kwenye mtandao, zote zinaangalia kusini!"

Nilicheka nanyi. Halafu mkampa Mama simu. Nilipoanza kumuuliza kuhusu mti akadakia, "Kateni tu. Mti ni mti. Parachichi zake nimekula za kutosha." Kisha akarudisha simu bila kuuliza habari za wajukuu. Mama, ambaye huanza na wajukuu kabla hata hajasema halo. Tangu hapo sijatulia. Wewe na mimi tunajua aliuotesha mparachichi ule mahali kilipozikwa kitovu cha Samba, mdogo wetu ambaye Mungu alimchukua angali mtoto. Mama hatawaambia msiukate. Anaona mti unashindana na dawa yake, na hataki kuwa mzigo.

Sasa nivumilie nifundishe kidogo, halafu nitanyamaza.

Kijiji chetu kiko kusini ya ikweta, lakini kidogo sana. Kwa sababu hiyo jua letu ni la kuhamahama. Kuanzia Oktoba hivi mpaka mapema Machi, saa sita mchana huwa limeegemea kusini, upande wa mlima Kasigau. Katikati ya Machi linapita juu ya utosi, kisha linahamia kaskazini, upande wa Manyani, na linakaa huko mpaka mwisho wa Septemba. Sola zenu zilifungwa Januari. Fundi alitazama juu, akaona jua liko mbele ya nyumba, akaziweka mbele ya nyumba. Hakudanganya mtu. Alilifuata jua la siku ile, na mumeo naye akapata wapita njia wake. Lakini jua lilihama, sola zikabaki. Leo liko nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, na paa letu lina mteremko mkali. Sola zimeligeuzia jua kisogo.

Kumbuka Mama anavyoanika kunde kwenye uteo. Akiulaza chini, kunde zote zinapata jua. Akiuegemeza ukutani ukiwa umeligeuzia jua mgongo, kunde hazipati kitu ila joto la hewa, na zitakauka kesho kutwa. Sola ni uteo. Tena Julai kwetu ni mwezi wa mawingu, jua lenyewe ni haba, na hilo haba mnalipokea kwa ubavu.

Usiniamini bure, pima. Siku jua likichungulia, simamisha fimbo iliyonyooka uani. Ikifika kama saa sita na nusu, kivuli kikiwa kifupi kuliko wakati wote, tazama kimelala wapi. Kikilala kuelekea Kasigau, basi jua liko upande wa jikoni. Mwite Crispin akione kwa macho yake, usimsimulie.

Sasa kuhusu mti. Hapa ndipo nilipotumia jioni nzima na miwani yangu, maana nimekuwa nikitazama picha zenu mbili. Ya kwanza ni ile ya Januari mliyonitumia siku sola zilipowashwa, Crispin amesimama mbele ya nyumba kama aliyeshinda kiti cha ubunge. Ilipigwa jioni. Ukiitazama vizuri utaona kivuli cha mparachichi kimepanda mpaka kwenye paa na kufunika pembe ya sola ya chini. Picha ya pili ni ya Jumapili iliyopita, jioni vilevile. Kivuli kiko wapi? Kimelala chini uani, kwenye kuku. Paa lote ni jeupe.

Mti uko pembe ya kusini magharibi ya nyumba. Januari jua hutua nyuma yake, na kivuli kinakuja kwenye paa. Julai jua hutua mbali upande wa kulia wa mti, na kivuli kinaangukia uani. Basi fikiri, dada yangu. Mwezi ambao mti uliwafunika kweli, friji ilifanya kazi mpaka asubuhi. Mwezi ambao haugusi paa kabisa, friji inazima. Tungekuwa kwenye baraza la chifu, mti ungeshaachiliwa uende nyumbani.

Fanyeni hivi. Mrudisheni fundi azihamishie sola upande wa jikoni, zitazame kaskazini. Kwa kuwa mteremko wa paa ni mkali, azifungie fremu zitakazoinua upande wa chini, ili zikaribie kulala. Kwetu sola haitaki kusimama kama ya Dieter. Kwa ubao wa sola wenye urefu wa mita moja, ncha ya kusini iwe juu kuliko ile ya kaskazini kwa shubiri moja tu, inatosha. Nasema shubiri kwa sababu ikilala kabisa, maji ya mvua yatatuama na vumbi litaganda. Kwa mteremko huo mdogo, hata Januari jua likirudi kusini bado litaziona vizuri. Mtapoteza kidogo mno. Moshi wa kuni utazipaka masizi, kwa hiyo zipanguseni mara kwa mara kwa kitambaa na maji matupu, asubuhi kabla hazijapata moto. Asipande mtu juu ya mabati yakiwa na umande.

Mpaka hapo kazi itakapokwisha, dawa ya Mama msiiachie friji inayozima na kuwaka. Muulize nesi wa zahanati kuhusu kuiweka kwenye chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa, kivulini. Nimesikia wengi huko nyikani hufanya hivyo, lakini jibu lichukue kwake, si kwangu.

Najua Crispin atauliza, je, tukizigeuza na friji ikazima bado? Ni swali zuri na sitalikwepa. Huenda betri nayo imechoka kwa kukaa na njaa miezi hii yote, fundi aipime. Na mimi niko mbali, natazama picha, naweza kukosea. Lakini angalia tofauti iliyopo. Sola zikigeuzwa Ijumaa na tukaona tumekosea, Jumatatu zitarudishwa mahali pake. Mti ukikatwa Jumamosi na tukaona tumekosea, tutaita fundi gani?

Crispin, shemeji yangu, najua hapa unasoma. Sikulaumu. Ulitaka Mama mkwe wako asikose dawa, na wana wengi wa kuzaa hawafanyi hivyo. Nakuomba tu umpigie yule wa msumeno leo, usingoje apande kutoka Voi na mafuta yake halafu uone haya kumrudisha. Sola zikiwa nyuma wapita njia hawataziona, ni kweli. Acha taa ya mbele iwake, hiyo wataiona.

Nisalimieni mchungaji na mama mchungaji. Nisalimieni shangazi wa Makwasinyi akija, mwambieni mbegu zake za mchicha ziliota kwenye ndoo hapa barazani na mzee Dieter anaiulizia. Mjomba wa Kishushe naye msimsahau, yule asiyepokea simu. Wakesho na watoto wanawabusu wote.

Kwa Mama usipeleke hesabu hizi za jua. Usimwambie pia kwamba nimewazuia, atadhani tumegombana kwa ajili yake. Ijumaa jioni nitapiga. Mpe simu, kisha wewe na Crispin tokeni nje. Nitamwambia kuwa dawa yake itakaa baridi na mti ukiwa umesimama, kwamba hakuna kinachoshindana na kingine. Halafu nitamuuliza tena kama anataka ukatwe, na safari hii nitangoja ajibu.

Ni mimi kaka yako akupendaye,

Mwakio