Leso Yako Ilivyopanda Mlima wa Theluji

Pearland, Texas
22 Aprili 2025

Bibi yangu mpendwa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi za masika? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia umeitumia mwenyewe, au umempa jirani kama kawaida yako? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Shuaib karudi jana na lori lake, bado amelala. Mimi ni hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali.

Sasa kaa kitako, Bibi. Mimi na Nawal tunasemezana.

Najua umetuombea dua tangu harusi ya binamu yetu Nahla. Miaka miwili Ubeid, ndugu yangu wa pekee katika nchi hii, anakuja kwangu kutoka Dallas peke yake, anakula, anaondoka bila hata kumtaja mkewe Nawal. Eid hii pia kila mtu kala pilau kwake. Kisa sikukwambia, niliona haya. Nawal alikuwa amenunua nyumba kubwa, mimi nikauliza mbele za watu vyumba vyote vile ni vya nani. Siku ya hina akaja akakaa mbele yangu na leso imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Tena haijakatwa wala kupindwa, doti zima kajizungushia! Nikasema moyoni, huyu ana haraka ya kunitukana, hata mkasi hakungoja.

Basi wiki mbili nyuma Ubeid katubeba sote, katupeleka kutembea milimani, New Mexico. Eti kubadilisha hewa. Safari nzima mimi na Nawal kila mmoja alizungumza na Ubeid, hakuna aliyezungumza na mwenziwe.

Lakini uzuri wa kule, subhanallah. Huku Pearland hata kilima cha kusingiziwa hakuna, na kule kumbe Aprili hii theluji bado imejaa, jua linawaka na pumzi inatoka moshi. Mimi nilivaa raba zangu za wodini. Nilijiambia zinanisimamisha zamu nzima, mlima ni kitu gani. Ubeid na Shuaib wakatangulia, nadhani makusudi, nikabaki na Nawal nyuma yangu.

Njia ilipopinda penye mteremko, nikateleza. Nikashuka kwa makalio mpaka mguu ukazama kwenye theluji hadi pajani, na chini yangu korongo. Kila nikijaribu kujinasua nashuka zaidi. Niliogopa, Bibi, nikaanza kutoa shahada.

Nawal akalala kifudifudi juu ya njia, akatoa mfukoni leso aliyoibeba ya kuswalia, akanirushia. Nikaona maandishi yanakuja: HASIDI HANA SABABU. Ile ile! Nami nilivyo na kichwa kigumu, nazama huku naisoma, mkono hautaki kwenda.

Akaniambia, "Shika, wifi. Sikuachi."

Nikashika, akanivuta mpaka juu. Ingekuwa imekatwa kama leso za watu wote, wallahi isingenifika.

Tulipokaa njiani tunahema, nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza, siku ile ya hina alikuwa ananisema mimi? Hakuelewa nauliza nini. Unajua Nawal aliletwa huku mdogo sana. Kiswahili anakisema, lakini hakujua leso hukatwa, wala hakujua leso husema.

"Mimi niliona rangi tu, wifi," akasema. "Ilimechi na viatu. Bibi ndiye aliyenitumia."

Wewe, Bibi! Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia kweli. Maskini, miaka yote hii alidhani simtaki kuwa mke wa ndugu yangu, na ndiye aliyekuwa akimhimiza Ubeid aje kwangu, aje peke yake ili mimi nisikereke. Nikamwomba radhi pale pale. Wanaume waliporudi kututafuta walitukuta tumekumbatiana, tunakula mahamri yake yaliyoganda kwa baridi.

Namshukuru Mungu, mguu umechubuka tu. Namshukuru Nawal, na Ubeid kwa ujanja wake. Na wewe nakushukuru kwa leso, ingawa ndiyo iliyotugombanisha. Ukituma nyingine, tafadhali chagua jina la heri.

Tulirudi tukalala kwao Dallas, mara yangu ya kwanza kuingia nyumba ile. Nawal akanifungulia mlango wa chumba, kitanda kimetandikwa, msala umekunjwa juu ya kiti. Akasema ni changu tangu walipohamia. Nikaomba mkasi, nikaikata ile leso, nikapinda vipande vyote viwili kwa mkono. Kimoja chake, kimoja changu.

Nisalimie Mjomba Abdulhalim na watoto wake, na mama Kalume wa mlango wa pili. Mola akupe afya na umri mrefu, atukutanishe na kheri, uje ulale nawe katika nyumba ile.

Nakuandikia nimejifunga kipande changu. Shuaib kaamka sasa hivi, kanisoma mgongoni, kauliza hasidi ni nani leo. Nimemwambia ni mimi.

Mjukuu wako anayekupenda na kukuota,
Badria