Vidole Viwili Mbele ya Alama

Ijumaa, mwisho wa Januari. Deira.

Asubuhi ukungu ulifunga mpaka sikuliona jengo la ng'ambo ya barabara. Sasa ni alasiri, jua limetoka, na kuna kile kibaridi cha Dubai ambacho watu hukivalia masweta ya kujionyesha. Mapaja yananiuma kiasi kwamba kukaa na kuinuka ni kazi. Nina furaha. Nina hasira pia, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Kwa uliyefika ukurasa huu leo tu: mimi ni Rukia, nina miaka arobaini na tatu, nimezaliwa hapa hapa Deira na wazazi wa Kiunguja. Nafanya kazi katika ofisi inayosafirisha mizigo kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Na ninateleza kwenye theluji.

Ndiyo. Theluji.

Nilijifunza ndani ya jengo la maduka, kwenye mteremko wa theluji ya mashine, mahali ambapo nje lami inayeyuka na ndani unakodishiwa koti. Aliyenifundisha ni Wambui, Mkenya wa Nakuru, mwalimu wa pale, ambaye siku hizi ni rafiki kuliko mwalimu. Mwaka juzi nilimfuata hadi nchi ya Georgia, kwenye milima ya kweli. Nikaanguka, na kano ya goti la kushoto ikakatika. Upasuaji, magongo, na miezi ya kuogeshwa na mama yangu kama mtoto mchanga.

Mama alidhani yamekwisha. Ofisini walidhani yamekwisha. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya goti sebuleni huku nikitazama video za skii.

Niseme kilichoniangusha, maana ndicho kilichozaa haya yote. Nilikuwa nimekodi skii, mbao ndefu za kufunga miguuni, zile pana zinazotengenezwa kwa ajili ya theluji nene isiyoshindiliwa, inayokaa kama unga wa ngano. Upana unazifanya zielee badala ya kuzama. Lakini zile zilikuwa laini mno, unazipinda kwa mkono. Asubuhi, theluji ikiwa haijaguswa, ziliniburudisha, ziliinama na kuinuka nami. Mchana, watu wakishaivuruga ikawa madonge, kila donge lilizitikisa, na donge moja likaipeleka skii ya kushoto upande wake na goti likabaki upande wangu.

Kwa hiyo nilipopona niliapa: safari hii nanunua zangu, pana, na ngumu. Skii isiyotetereka.

Duka liko mbali na kwetu, upande wa barabara kuu ya kwenda Abu Dhabi. Mwenyewe anaitwa Faris, Mlebanoni mchangamfu, aliyekulia kwenye milima ya kwao na anayependa kukumbusha hivyo. Nilipokwisha kumweleza habari ya goti, alizishika zile nilizochagua, akaweka mkia, yaani ncha ya nyuma, chini na kusukuma katikati kwa kiganja. Hazikupinda sana.

"Madam, hizi ni za mwanamume mzito anayekwenda kasi," alisema. "Kwa uzito wako hutaziamsha, hazitakupindia. Chukua hizi za wanawake, laini, rangi nzuri."

Nilimwambia sikuja kununua rangi.

Akacheka, akasema yalla, kama unavyotaka. Kisha tukaja kwenye kufunga vifungio, vile vinavyoshika buti juu ya skii. Hapo ndipo watu wasiojua hupuuza na ndipo mambo yote yalipo. Kila skii ina alama ya kiwandani inayoonyesha katikati ya buti ikae wapi. Ukifunga mbele ya alama, skii inageuka upesi, ni nyepesi kuichezea, lakini uzito wako unaikalia pua yake, ile ncha ya mbele, na katika theluji nene pua inazama. Ukifunga kwenye alama au nyuma yake kidogo, pua inaelea yenyewe, ila kugeuka kunataka ukusudie.

Nilisema: kwenye alama. Nilirudia: kwenye alama kabisa, Faris, si mbele.

"Inshallah, madam."

Ningejua ile inshallah ilikuwa ya aina gani, ningesimama pale pale mpaka amalize kutoboa.

Asubuhi ya safari mama hakutoka chumbani kuniaga. Nilisimama mlangoni na ule mfuko mrefu begani, nikasema, "Mama, ninakwenda." Akajibu kutoka ndani, "Nshakusikia." Basi. Niliukokota mfuko mpaka kwenye lifti peke yangu, na ndani ya teksi nililia kidogo, dereva akajifanya anasikiliza redio.

Safari hii Georgia ilitupokea vizuri. Theluji ilikuwa imeanguka mfululizo na ilipofika asubuhi ya kwanza anga likafunguka, buluu tupu. Tulikuwa kikundi kidogo, na kiongozi wetu alikuwa Levan, kijana wa pale mlimani mwenye sauti ya chini na macho yanayokupima. Tulipanda juu, tukatoka nje ya njia iliyoshindiliwa, na mbele yetu mteremko mweupe haujakanyagwa na mtu.

Nilianza. Nikakata kona ya kwanza. Kwenye ya pili pua za skii zikaingia chini kama vijiko kwenye uji, nikarushwa mbele, nikatua kwa uso.

Nikainuka. Nikaanguka tena vilevile. Nikajaribu kuegemea nyuma mpaka mapaja yakawaka moto, na bado pua zilizama. Wenzangu walikuwa wamesimama chini wakinisubiri, na mtu akisubiriwa kwa adabu ndipo anapojiona mzigo. Wambui alipanda kwa miguu hadi nilipo.

"Rukia, ni goti?"

"Si goti. Skii hazinitii."

Tulipofika chini Levan aliniambia taratibu, bila kunidharau, kwamba kesho nibaki kwenye njia zilizoshindiliwa. Alisema umri na jeraha si aibu. Alisema mlima hauendi popote.

Nilikuwa na theluji ndani ya hijabu, inayeyuka shingoni, na kichwani nilisikia sauti ya mama, ya Faris, ya kila mtu ofisini, wote wakisema jambo moja kwa upole mmoja.

Nachukia upole huo.

Nilikaa chumbani kwenye nyumba ya wageni na kuzilaza skii kitandani. Niliingiza buti kwenye kifungio, nikatafuta alama iliyo ubavuni mwa buti, ile inayoonyesha katikati yake, kisha nikaitafuta alama ya kiwandani kwenye skii. Zilitakiwa zikutane.

Hazikukutana. Buti lilikuwa mbele. Niliweka vidole viwili katikati ya alama hizo, vikaenea. Nikaangalia ya pili. Vidole viwili.

Hakuwa amekosea. Mtu akikosea, hakosei sawasawa pande zote mbili. Faris alisikia nilichosema, akanikubalia kwa kinywa, akafanya alichoona yeye kinamfaa mwanamke wa umri wangu mwenye goti la kushonwa. Skii ngumu, na nimewekwa mbele. Alikuwa amenisaidia mpaka nikazikwa.

Nilishuka nazo hadi kwa Levan. Chini ya nyumba ile ana karakana ya kutengenezea skii za wageni. Nilimwonyesha alama. Aliinama, akapima mwenyewe, kisha akauliza nani alizifunga. Nikasema mtu aliyenionea huruma.

"Naweza kutoboa matundu mapya," alisema. "Haya ya zamani nayaziba kwa gundi. Lakini ukishatoboa mara mbili, pale katikati panadhoofika. Na zikivunjika huko juu, mimi sitaki lawama."

Wambui alikuwa amenifuata. "Dadangu, wachana nazo," alisema. "Kodi zingine kesho, hizi tutazibishania Dubai. Ukizitoboa tena na ziharibike, yule jamaa atasema ni wewe. Utakuwa umejichoma mwenyewe."

Alisema kweli, kwa akili ya kawaida. Lakini nilikuwa nimekuja mbali sana na akili ya kawaida. Nikikodi skii za watu na nikateleza vizuri, nitakuwa nimejua nini? Nikikodi na nikaanguka, nitakuwa nimejua nini? Nilitaka kujua kama nilichokiamini kuhusu mwili wangu mwenyewe kilikuwa kweli.

"Toboa," nikamwambia Levan. "Kwenye alama."

Nilisimama pale. Sikuondoka. Kila tundu nilikuwa nalitazama.

Kesho yake gundi ilikuwa imekauka, na Levan akasema nitashuka kipande kimoja kifupi mbele yake, yeye ndiye ataamua. Nilikubali. Ukaidi wangu haukufika mahali pa kumdharau mtu anayejua mlima.

Wambui alitangulia. Kisha nikaachia.

Sijui niiandikeje. Pua zilitokeza. Niliziona mbele yangu, nyeusi juu ya weupe, zikipanda juu ya theluji badala ya kuchimba. Nilisimama katikati ya miguu yangu, sikuegemea nyuma, sikuogopa mbele. Niligeuka kushoto, na lile goti, goti lililooshwa na mama yangu kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, likanibeba. Nikageuka kulia. Sauti ya kugeuka ni kama nguo ya hariri inapochanwa polepole. Nilipiga kelele. Kiswahili chote kilinitoka, nilibaki na "Aaa!" tu.

Levan aliteremka nyuma yangu, akasimama, akasema, "Sawa. Unakwenda na sisi."

Hayo tu. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia.

Sasa nisiwe mwongo kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Mchana, theluji ilipokuwa imevurugika, zile skii zilipita juu ya madonge kama gari zito kwenye barabara mbovu, sikutikisika, na hapo nilijua ugumu wake nimeununua kwa sababu. Lakini kwenye miti, mahali pa kwenda polepole na kugeuka kila mara, zilikuwa mbao mbili tu. Hazikupinda. Ili zipinde zilitaka kasi, na kasi kati ya miti si kitu ninachokitaka kwa umri huu wala umri wowote. Niligeuka kwa nguvu za mapaja, ndiyo maana leo nashuka ngazi kwa upande. Faris alisema sitaziamsha. Nusu ya wakati, sikuziamsha.

Kwa hiyo leo baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda dukani kwake, na skii begani.

Alinipokea kwa furaha. "Madam! Goti salama?"

Nilizilaza mezani, nikamwonyesha matundu yaliyozibwa na matundu mapya. Uso wake ulibadilika. Alianza kwa kusema alama ya kiwandani ni pendekezo tu. Akasema wanawake wengi wanapenda mbele. Mwishoni akasema, kwa sauti ya chini, kwamba dada yake alivunjika mguu kwenye theluji wakiwa vijana na hakuteleza tena, na kila anapomfungia mwanamke skii anataka zigeuke kwa urahisi.

Nilimwonea huruma. Kwa kweli nilimwonea. Lakini huruma ndiyo iliyotufikisha pale, kwa hiyo sikuiacha imalize mazungumzo.

"Kuhusu ugumu ulinionya, nami nikachagua. Ulikuwa na haki ya kunionya," nilimwambia. "Kuhusu mahali pa kusimama miguu yangu, hukuniambia. Uliniitikia kisha ukaamua. Ningevunjika mara ya pili nisijue kwa nini."

Alipitisha kidole juu ya yale matundu. "Haki yako," akasema. "Samahani, Rukia." Hakusema madam. Akaniuliza msimu ujao nataka nini. Nikamwambia: pana vilevile, laini puani, ngumu chini ya mguu. Na siku ya kufunga nitakuwepo, nimesimama hapa. Akasema khalas, basi, simama.

Nikarudi nyumbani na ushindi wangu, nikamkuta mama sebuleni na miwani yake. Tangu nirudi alikuwa akilitazama goti langu tu, mimi hakunitazama. Nikaona bora niseme leo leo kabla ujasiri haujaisha.

"Mama, mwakani ninarudi tena."

Akavua miwani.

"Mimi sina tena nguvu za kukuogesha, Rukia."

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimejiandaa kwa dini, kwa umri, kwa watu watasemaje. Nikaketi chini karibu na miguu yake, ingawa mapaja yalipiga kelele.

"Najua, mama. Nikianguka nitaweka mtu wa kuniogesha. Lakini nitakwenda."

Maisha yangu yote nimekuwa nikimzunguka mama kwa "tutaona" na "Mungu akipenda". Sikumbuki kama nimewahi kumwambia "nitakwenda" hivyo, bila kuipamba. Alinipapasa kichwani mara moja, kama mtu anayetoa vumbi, na nikadhani ndiyo amemaliza.

"Ile picha ulonitumia," akasema, "ulosimama juu, nyuma yako hapana kitu. Siwezi kuitazama. Nimeifuta." Akavaa miwani tena. "Ukenda, usinitumie picha. Nitumie sauti. Ukishafika chini, nambie kwa sauti yako kuwa umefika."

Hajakubali. Nisijidanganye. Bado anaamini binti yake ana wazimu, na huenda hakosei sana.

Lakini nitakwenda. Nitapanda tena juu kabisa, nitasimama nilipochagua mimi kusimama, na nitashuka. Nikifika chini nitavua glavu kwa meno, nitashika simu kwa vidole vilivyokufa ganzi, na kabla ya kusema neno lolote nitamwacha asikie kwanza jinsi ninavyohema.