Nimeifungua Hirizi, Mzee Wafula

Mzee Wafula, fundi wangu,

Kesho tunamwaga slabu ya ghorofa hapa Makindye, na wanataka mimi ndiye niombe. Ulipokuwa hai ilikuwa kazi yako. Kabla karai la kwanza la zege halijapita mikononi, ulikuwa unavua kofia na vibarua wote wananyamaza, hata Ssali na muwa wake mdomoni. Tangu kifua kikuchukue, tunaanza kazi kama watu walioamka bila kunawa uso. Jana msimamizi akaniambia, "Barasa, wewe ndiye ulikuwa mtu wake. Uombe wewe."

Ssali akacheka, akamwambia msimamizi, "Huyo? Ssebo, mkubwa, huyo ana bima mbili! Moja kanisani, moja kiunoni."

Wote wanaijua hirizi yangu. Bibi yangu alinifungia siku niliyotoka Busia kuja huku kutafuta kazi, kikoba cha ngozi kilichoshonwa pande zote. Nimepanda nayo kila jukwaa la ujenzi. Jumapili mimi na wewe tulikuwa tunaenda pamoja kanisani Nateete, ninaimba mpaka sauti inakauka, nayo iko palepale chini ya shati. Uliiona siku tulipooga kwenye bomba la saiti. Nilisubiri unihubirie. Ukaniuliza tu, kama mtu anayeuliza njia: "Ukiteleza, unategemea nani kati ya hao wawili akudake?" Kisha ukaomba sabuni.

Swali hilo limenikaa kuliko mahubiri yote.

Niseme wazi, kwa kuwa sasa huwezi kunikasirikia. Wewe ulimpa Mungu moyo wote, ukakohoa mpaka ukaisha. Mimi niliyeugawa wangu bado ninapanda ngazi. Nilipokuletea uji wodini nilitaka kukuuliza hilo, nikaona haya. Kikombe kilikushinda kunyanyua, lakini ulikuwa ukisema, "Mimi ni wake tu," bila huzuni, kama mtu anayetaja kijiji chake. Hukusema atakuponya. Mimi nilidhani mtu humpa Mungu vyote ili apate kitu. Wewe ulikuwa unapata nini, Mzee? Kweli nataka kujua. Na ilikuwa hivyo tangu mwanzo, au kuna asubuhi uliyovua kofia ukiwa huna neno hata moja?

Unaikumbuka ile hosteli ya Wandegeya? Saruji iliisha katikati ya slabu, mwenye nyumba akasema tutamalizia kesho. Nyumba ilipokwisha mvua ikaja, maji yakadondoka palepale zege la leo na la kesho lilipokutana, wanafunzi wakaweka mabeseni. Wewe ukaonyesha kwa mwiko: "Mvua haidanganywi. Inajua tuliposimama." Tangu siku hiyo hukukubali tuanze slabu kabla saruji yote haijafika. Mtu si zege, najua, mtu anaweza kuanza upya. Lakini kila nikiimba kanisani nilikuwa nasikia mahali panavuja.

Leo baada ya ibada nimeikata hirizi kwa wembe. Usinisifu, haukuwa ujasiri. Nilitaka kujua. Nimembeba miaka yote bila kujua ni nani niliyempa nusu ya moyo wangu. Ndani kulikuwa na mzizi mkavu, na kipande cha kanga kuukuu ya bibi. Nilikinusa. Ugoro wake, Mzee. Na moshi wa jikoni kwake. Nililia. Sikukuta mwenye nguvu humo. Nilikuta bibi kizee aliyeogopa mjukuu wake asianguke.

Mzizi nimeutia kwenye moto wa Mama Sifa, yule anayetupikia posho, ugali wa saiti. Akafoka, "Wee Barasa, unanitilia nini kwenye moto wangu?" Nikamwambia ni kuni. Akasema kuni gani hiyo ndogo kama akili yangu. Kitambaa nimekibakiza. Usinitazame hivyo. Nimekiweka sandukuni pamoja na nguo. Ni cha kumkumbuka bibi, hakitapanda tena na mimi.

Sasa kiuno nakiona kitupu, kama baridi inapita hapo. Najishika kila mara. Kesho mimi ndiye nitakayekaa ukingoni kupokea makarai, na kutoka pale hadi chini ni mbali.

Sikufika kukuzika. Msimamizi alikataa, nikabaki nimeshika koleo huku wengine wakikutupia udongo. Basi pokea hii badala ya konzi yangu ya udongo, na upumzike, fundi wangu. Ninakuahidi kesho nitavua kofia. Maneno yako sina, na sitayaiga. Nitamwambia Mungu kwamba naogopa, na kwamba nimekuja mzima, si nusu. Halafu nitapanda wa kwanza.

Uliniuliza nani atanidaka. Kama nitadakwa, Mzee, bado sijui. Lakini safari hii nitamwomba mmoja tu.

Mwanafunzi wako,
Barasa