Kadi ya Kumi na Moja

Shemeji Wanyonyi,

Dada yako anakusalimu. Ndiye aliyeniambia nikuandikie, maana amechoka kunisikia nikizungumza nawe kila ninaponyoa ndevu. Juzi nilijikata kidevu nikikusimulia jambo, akasema, "Daudi, wewe ni karani. Ukiwa na maneno na kaka yangu, yaandike, kabla hujajichinja." Kwa hiyo nimefukuza kuku, nimefuta meza, nimekaa.

Habari kubwa ni kwamba nimeonana na arap Rugut. Naam, golkipa. Na nimejua ulichofanya, mjanja wewe. Lakini sitaanza hapo. Ulizoea kuniacha nikingoja mwisho wa hadithi zako mpaka chai inapoa. Leo zamu yako.

Hapa stesheni tupo. Kazi yako ya chaki amepewa kijana mmoja kutoka Kisumu, anazunguka mabehewa kama ulivyokuwa ukizunguka, na haandiki kosa hata moja. Hakuna anayecheka. Siku hizi behewa likiharibika anaandika BOVU, herufi nne kavu, anaenda zake. Nani atasahau siku uliyoandika POFU kwenye mabehewa sita kwa mpigo? Msimamizi alikuja amevimba, akakuuliza, "Wanyonyi, haya mabehewa yalikuwa yanaona tangu lini?" Nawe bila kupepesa jicho ukamjibu, "Bwana, ndiyo maana yalitoka relini." Wiki iliyopita nimemsikia huyo kijana wa Kisumu, ambaye hajawahi kukuona, akimwambia dereva, "Hilo kipofu lipelekwe karakana." Nikaingia ofisini nikafunga mlango, nikacheka, na nikafanya na lile lingine pia, lakini kidogo.

Mwandiko wako ulitushinda sisi makarani wote. Herufi zako zilikuwa na mikia kama ya jogoo. Ila masikio yako yalikuwa ya nyumbani Bungoma kabisa: g ikiingia inatoka k, d ikiingia inatoka t. Mimi nilizaliwa na masikio hayohayo, lakini kule misheni walinichapa mpaka yakanyooka, ndipo nikapata kiburi cha kukusahihisha mbele ya watu. Lile sanduku langu la mbao ulilolipaka jina bado liko chini ya kitanda. TAUTI, rangi nyeupe, kubwa kama jina la stesheni. Miaka minane nimekuwa nikiahidi kulirekebisha.

Sasa tuje kwenye kadi. Nakukumbusha kwa sababu napenda kukumbuka, si kwa kuwa umesahau.

Kila mwaka kabla ya mvua kubwa, timu ya jimbo ilikuja kupiga kambi hapa Nakuru, wiki mbili za mazoezi kabla ya kombe, kwenye uwanja ulio nyuma ya stesheni. Watu wenye akili walingoja mechi. Sisi tulikwenda mazoezini, na wewe ndiwe uliyenifundisha kwa nini. Siku ya mechi, mchezaji ni wa watu wote. Siku ya mazoezi amekaa kwenye nyasi kavu, amevua kiatu, anakung'uta vumbi, anaomba maji, na mtu mwenye penseli anaweza kumsogelea. Mwaka jana gazeti lilipochapa picha ya timu tulichukua mkasi wa cherehani wa dada yako Nekesa tukakata vichwa kumi na kimoja, tukavibandika kwenye maboksi ya sigara kwa uji wa ngano. Winga wa kushoto tulimkata sikio. Ukamchorea lingine kwa penseli, likawa kubwa kuliko lile alilopewa na Mungu, naye akatia sahihi yake chini bila kulalamika.

Wanaume wazima, Shemeji. Mimi na mvi zangu, wewe na goti lako bovu. Au pofu. Nekesa alisimama mlangoni akatutazama tukipuliza kadi zikauke, akasema, "Wanaume wengine hukusanya ng'ombe."

Na ilikuwa katika ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali kwa ajili ya viapo vya msituni, siku ambazo mtu hakutembea na orodha ya majina mfukoni. Yule askari wa pale kwenye kivuko cha reli alipofungua kopo letu la biskuti, lile la kutunzia kadi, nikaona maisha yangu yote yakipita, nayo yalikuwa mafupi na yamejaa risiti. "Hawa ni nani? Wamekula kiapo gani?" Wewe ukasema, "Hawa ni mabeki, afande. Kiapo chao ni kwamba mpira hautapita." Akazipitia kadi moja moja. Alipofika kwa senta fowadi akasimama. "Huyu alitia sahihi mwenyewe?" Mwenyewe, ukamwambia. Akaturudishia kopo polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, akauliza kama tungeweza kumpatia yake.

Kumi walitia sahihi mwaka huo. Aliyebaki ni arap Rugut. Mkamuaji wa ng'ombe kutoka shamba moja la Njoro, mikono kama sepetu, akidaka mpira haulii. Kila tulipomsogelea alificha mikono nyuma, akageuka, akaenda bombani. Tulisema ana maringo. Mimi ndiye niliyesema zaidi, ningekusingizia lakini umeshakufa, haifai.

Siku ya mwisho ya kambi, malaria ikanilaza. Ulikwenda peke yako. Jioni ukaingia na kofia upande, ukanirushia kadi kitandani, na pale chini ya uso wa golkipa palikuwa na jina. Nekesa akachinja kuku. Kumi na moja, Shemeji. Nilipona siku ileile, au karibu.

Kisha nikaanza kujisifu, unanijua. Kila mgeni alifunguliwa kopo. Hata mchungaji. Na kila mara nilionyesha kadi ya golkipa nikasema, "Tazama, jina lake ni Rugut lakini ameandika Rukut. Hata mwenyewe hajui jina lake." Na wewe ulikuwa umekaa palepale, kikombe mkononi, ukasema, "Kila mtu na jina lake, shemeji."

Karani gani huyu? Nilikuwa na miwani puani.

Kichomi kilikuchukua Julai, kwenye baridi ile. Tulikupeleka nyumbani kwa treni, na mabehewa yote yalikuwa mazima, nilikagua mwenyewe. Nilitaka kopo liingie nawe sandukuni. Dada yako akanikazia macho: "Utamzika kaka yangu na golkipa?" Basi likabaki kwangu, na sikulifungua tena.

Kambi ya mwaka huu ilipoanza sikutaka kwenda. Siku ya kwanza nikasema kichwa kinaniuma. Siku ya tano Nekesa akanipa kofia yangu na kopo, akafungua mlango. "Nenda ukamshukuru yule golkipa. Alimfurahisha kaka yangu mwaka wake wa mwisho." Nikavaa kofia, nikaenda.

Nilimkuta kando ya bomba. Nikamwamkia, nikamwambia rafiki yangu mwenye kofia amefariki, nimekuja kumshukuru kwa sahihi yake. Nikampa kadi. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza, akanusa hata gundi.

"Mzee," akasema, "hii si mimi niliandika. Mimi sijui kuandika. Hata a siijui."

Akanieleza yote, kwa sauti ya chini. Kwamba mwaka jana ulimfuata mpaka bombani, naye akachoka kukimbia akakuambia ukweli: anajua dole gumba tu, la kwenye kipande, ile karatasi ya kazi, na la kitabu cha posho cha bwana wake, na hataki kulipiga mbele ya watu wanaomshangilia. Akangoja umcheke. Badala yake ukamsimulia habari ya mabehewa pofu, mpaka yeye ndiye aliyecheka, akakaa chini kwenye maji. Ukamwahidi kwamba hakuna atakayejua. "Alisema hata shemeji yake hatajua, na yule shemeji anajua kila kitu."

Asante sana.

Niseme kweli, kwa muda kidogo nilikukasirikia. Miezi mizima nilitangaza uongo kwa watu, mchungaji akiwemo. Niliona nina kadi kumi na karatasi moja. Ndipo nikaitazama ile R. Mkia wa jogoo. Na ile k imekaa katikati ya jina la watu, imestarehe, kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Nikakusikia kabisa. Shemeji, nimepekua nyumba nzima tangu ufe nikitafuta kitu chochote ulichoandika kwa kalamu. Barua hukuandika, na chaki ya mabehewa hufutwa na mvua. Kumbe kilikuwa ndani ya kopo.

Arap Rugut alikuwa bado ameshika kadi. Akapitisha kidole juu ya herufi, kile cha kukamulia. "Hii imesema jina langu?" Nikasema ndiyo. Ndipo akanieleza shida yake. Mwaka huu wachezaji watachaguliwa kwenda Kampala, na siku ya mwisho kila aliyechaguliwa ataitwa mezani, katikati ya uwanja, kutia sahihi kitabuni mbele ya watu wote. Alikuwa ameamua kurudi kwa ng'ombe kabla ya siku hiyo. "Lakini kama inaweza kufundishwa," akasema, "nifundishe hii."

Tulikuwa na siku tisa.

Tulianza na kijiti kwenye vumbi la golini. Nilisimama nyuma ya nyavu, palepale tulipokuwa tukisimama, yeye akiandika kati ya mapigo. Bao moja lilimpita akimalizia t. Mwalimu wa timu akafoka, "Rugut, unalima?" Akajibu, "Napanda." Siku ya tatu Nekesa akanipa kipande cha chaki. Kilikuwa mfukoni mwa koti lako, alikuwa amekificha ndani ya kopo la chumvi, hakuwa ameniambia. Akasema tu, "Kitumie mpaka kiishe. Kiliumbwa kwa kazi." Tuliandika nacho kwenye ubao wa behewa moja bovu lililolala pale kando ya uwanja, na kikaisha siku ya nane.

Nilijaribu kumrekebisha, bila shaka. Siwezi kujizuia, ni ugonjwa. Nikamwambia, hapa si k, ni g. Akanitazama. "Yule mzee mwenye kofia alipoandika hii, wewe ulikuwepo?" Nikasema la, nilikuwa na malaria. "Basi iache."

Siku ya mwisho umati ulikuwa mkubwa. Nekesa alikuja, na shuka yake ya kanisani. Wakaita majina. Arap Rugut akafika mezani, akafuta mikono kwenye kaptura mara tatu, akashika kalamu kama anavyoshika chuchu ya ng'ombe mkali, kwa heshima. Nilishika nguzo ya goli. Nakuapia, hata penalti haijawahi kunitesa vile. Akaanza na R, akaivuta mkia mpaka nikadhani atatoka nje ya ukurasa. Alipoinua kalamu, yule bwana mwenye kitabu akainama, akasoma, akasema, "Mwandiko mzuri. Ulisoma wapi?"

"Stesheni," akajibu.

Dada yako alinishika mkono akaukamua. "Mkono wa kaka yangu unakwenda Kampala," akasema. Akalia na kucheka kwa pamoja, nikamwacha, nilikuwa na kazi yangu hiyohiyo.

Baadaye nilimpa ile kadi, akatia sahihi yake chini ya yako. Ameniambia pale shambani ameshakataa dole. Kila siku ya posho anaomba kalamu, na wenzake watatu wamemwomba awafundishe, kwa hiyo kaa ukijua kwamba huko Njoro g iko hatarini.

Kadi iko hapa mezani ninapoandika. Nimezitazama hizo Rukut mbili kwa miwani, nimezitazama dirishani kwa jua, na tayari sina hakika ipi ni yako. Mwaka mzima nilikuwa na sahihi isiyo sahihi. Sasa ninazo mbili, na zote ni za kweli, na karani mzima anashindwa kuzitenganisha. Najua unafurahi.

Basi lala, Shemeji. Chai imepoa kwa ajili yako, tumelipana. Kambi ijayo nitasimama nyuma ya goli, upande wa kulia kama kawaida, na upande wa kushoto nitauacha wazi, mtu akitaka kusimama hapo nitamwambia kuna mwenyewe. Kopo nitalitunza. Na lile sanduku chini ya kitanda, nimelitoa leo asubuhi nikalifuta vumbi. Rangi imeanza kubanduka. Jumamosi nitazipitishia herufi zako rangi mpya, moja moja, kama ulivyoziweka, na sitagusa hata moja.

Ni mimi, shemeji yako,

Tauti