Pombe Ambayo Sikuinywa

Jumatatu, 4 Julai 1988

Kombaini namba saba, shamba la juu, tangu saa moja asubuhi. Ngano kavu. Upepo wa Hanang uleule. Nimemwaga tangi mara tisa. Mkanda wa feni umelegea, nimeukaza mwenyewe. Fundi wa zamu alikuwa amelala chini ya lori. Nimemwacha. Hata angeamka asingejua pa kuanzia.

Saa tano hivi mkono wa kushoto ulikufa ganzi. Vidole kwanza, kisha mpaka kiwiko. Ikaja harufu ya dizeli inayoungua. Nikasimamisha mashine, nikakagua injini nzima. Hakuna kinachoungua. Dakika mbili, mkono ukarudi.

Ni mara ya tatu tangu mavuno yaanze. Sijamwambia mtu. Uchovu tu.

Jumapili, 10 Julai

Kanisani Gendabi. Zamu yangu kusoma matangazo, mimi mzee wa kanisa. Baada ya chakula cha mchana nikaanguka uani mbele ya mke wangu. Sikumbuki chochote. Magdalena anasema mkono ulipigapiga, mdomo ukapinda, nikajikojolea. Nilipozinduka alikuwa amenifunika kanga na kufunga mlango wa ua ili jirani wasione. Aliwaza mlango kwanza, mimi baadaye. Simlaumu. Ningefanya hivyohivyo.

Anataka twende Haydom hospitali. Nimekataa. Ugonjwa wa kuanguka hapa kwetu una jina moja tu, kifafa, na mwenye kifafa watu hawali naye sahani moja. Akiangukia moto wanaogopa kumgusa, wanasema mate yake yanaambukiza. Na hakuna meneja wa shamba la serikali atakayempa mtu huyo kombaini. Nimeendesha mashine miaka kumi na miwili. Nikishuka mimi ni nani?

Tumegombana. Hakunipa chai ya jioni. Nimejichemshia mwenyewe, ikafurika jikoni.

Alhamisi, 14 Julai

 

Leo nusura niue watu.

Wanawake huja nyuma ya kombaini kuokota masuke yaliyobaki. Ni mazoea, wasimamizi wanafumba macho. Saa sita huenda kukaa ubavuni mwa ngano ambayo bado haijakatwa, inawakinga upepo, wanakula. Kila dereva anajua. Unanyoosha mstari wako, unawaacha na makande yao.

Harufu ya dizeli. Mkono. Halafu hakuna kitu. Nilipopata akili kombaini ilikuwa imeacha mstari, imekata kona ndefu ndani ya ngano, na mtu alikuwa ngazini ameingiza mkono ndani anavuta wenzo wa kusimamisha. Qamara, msimamizi wetu wa mashine. Alidandia ikiwa inakwenda, mtu wa umri wake. Mbele yangu, hatua kama ishirini, kulikuwa na sufuria na kandambili zimeachwa. Wanawake walikuwa wamekimbia. Mke wa Qamara alikuwa mmoja wao.

Alinitazama machoni, muda mrefu. Kisha akageukia watu waliokuwa wanakuja mbio.

"Amelewa huyu. Mshusheni."

Mimi, ambaye pombe sijaionja tangu kipaimara. Nikafungua mdomo kukana. Nikaufunga. Mlevi husimamishwa kazi wiki mbili, anarudi. Mwenye kifafa harudi. Basi nikashuka ngazi nikipepesuka kidogo, ili wasadiki. Hatari ile ilinijia bila mimi kuitaka. Kule kupepesuka nilikufanya mwenyewe.

Jumapili, 17 Julai

Wazee wenzangu waliniita ofisini kabla ya ibada. Mchungaji akauliza: ulikunywa? Nikasema ndiyo.

Nimewekwa chini ya nidhamu ya kanisa. Benchi la nyuma. Sishiriki Meza ya Bwana mpaka nitubu mbele ya usharika. Qamara alikaa benchi la tatu na uso wake mkavu. Namchukia. Shikamoo nampa kwa sababu ya umri wake, basi.

Jumapili, 24 Julai

Nimetubu. Nilisimama mbele, usharika mzima ukinitazama, nikatubu pombe ambayo sikuinywa. Waliimba. Bibi mmoja alilia kwa furaha, akanishika mikono yote miwili.

Magdalena hakuimba. Njiani alisema neno moja tu: "Umemdanganya Mungu kwa ajili ya mashine."

Jumatano, 27 Julai

Nimeanguka tena. Mara mbili kwa siku moja. Nimeuma ulimi.

Alhamisi, 28 Julai

Magdalena alipanda basi la Haydom asubuhi akiwa na begi langu, nguo zangu zote ndani. Hakuniomba. Ilibidi nipande.

Foleni ndefu. Watu wa Dongobesh, watu wa Masakta, mwingine amebebwa kwenye kitanda cha kamba. Nilivuta kofia mpaka machoni. Daktari ni mgeni lakini Kiswahili chake kizuri kuliko cha meneja wetu. Sikumjibu, Magdalena akaeleza yote, hata mambo ambayo mke hasemi. Daktari akaweka kile chombo cha kusikilizia moyo juu ya kichwa changu, nyuma ya sikio la kulia. Nikadhani ananichezea. Akasikiliza, akasogeza, akasikiliza tena. Akampa Magdalena naye asikie.

Uso wake ulibadilika. Anasema kuna kitu kinavuma mle ndani kwa mapigo, fuu, fuu.

Daktari anasema si kifafa cha kurogwa, wala si cha kuambukiza. Mishipa ya damu imesokotana. Lazima nipigwe picha Nairobi. Nimepewa vidonge vya kuzuia kuanguka.

Jumatano, 17 Agosti

Picha niliyopigwa Nairobi imerudi. Daktari ameiweka kwenye taa. Fundo la mishipa, ukubwa wa kunde mbili, ndani sana upande wa kulia. Likipasuka nakufa, au nabaki upande mmoja. Linaweza kupasuka kesho, linaweza kukaa miaka ishirini.

Kufungua fuvu hataki. Liko mahali pabaya, mkono wa kushoto utaondoka nalo. Kuna njia nyingine huko kaskazini ya Ulaya, ambako alisoma na bwana mmoja anayeifanya. Hawapasui. Miale zaidi ya mia mbili inaelekezwa kichwani kutoka kila upande, kila mmoja dhaifu, haudhuru inakopita. Inakutana mahali pamoja tu. Nilivyoelewa mimi: jirani mia mbili, kila mmoja analeta kijiti kimoja cha moto, na wote wanaviweka kwenye figa moja.

Wako tayari kunipokea. Kanisa la kwao limejitolea nauli. Tatizo ni kibali cha kusafiri. Meneja lazima aandike ugonjwa wangu na aweke sahihi. Na kila barua ya ofisi ya shamba husomwa na watu wanne kabla haijakauka wino.

Naogopa. Sijui naogopa lipi zaidi, kupasuka au barua.

Jumapili, 21 Agosti

Sikutaka usharika usikie kwa karani wa shamba. Baada ya matangazo nilinyanyua mkono.

Nikasema: nilipotubu mwezi uliopita niliwaongopea. Sikunywa. Ninaanguka. Nina ugonjwa kichwani na mashine ile ilikuwa inakwenda peke yake.

Hakuna aliyeimba. Waliokaa benchi langu walisogea, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, mpaka nikabaki na Magdalena. Hakuna utaratibu wa mtu kutubu toba yake. Mwishowe mchungaji alituombea kwa kifupi na kutangaza mkutano wa akina mama.

Nje watu walinipa mkono kwa ncha za vidole. Qamara hakunipa kabisa. Aliondoka haraka, kichwa chini.

Jumanne, 18 Oktoba

Ulaya. Baridi ya kuuma meno. Nimelazwa chumba safi mno, naogopa kugusa. Mkalimani ni dada aliyewahi kufundisha Mbulu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiiraqw, nilitaka kulia nilipomsikia. Kazi ni kesho. Sikuweza kula. Nimeandika barua kwa Magdalena, ya kutumwa iwapo sitarudi.

Jumatano, 19 Oktoba

Wamenifunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne. Sindano za ganzi ndizo zilizouma, skrubu zilibana tu. Nilisikia zikigusa mfupa. Nikaomba kuiona spana yao. Ndogo, safi. Yule bwana alicheka, akanionyesha.

Picha tena, ili wajue fundo liko wapi hasa. Halafu kusubiri saa nyingi huku wakipiga hesabu za pembe. Fremu nzito. Nilijiona ng'ombe aliyefungwa nira. Nilisali, nikasahau maneno, nikaanza upya.

Wakanilaza kitandani, kichwa ndani ya kofia kubwa ya chuma yenye matundu. Wote wakatoka, mlango mnene ukafungwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama si hatari, kwa nini wanakimbia? Kitanda kikaingia ndani. Nikangoja moto. Nikangoja kelele. Hakuna. Nilihesabu mapigo yangu mpaka nikapotea. Mlango ukafunguliwa, nikamwuliza yule dada wanaanza saa ngapi.

"Wamemaliza," akasema.

Hakuna damu. Matone manne ya skrubu, plasta nne.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nilidhani nimepona. Yule bwana amenikalisha chini. Miale haikati. Inaunguza kuta za mishipa polepole mpaka inajiziba, na kuziba huko huchukua miaka miwili. Katika miaka hiyo fundo linaweza kupasuka kama zamani. Vidonge nisiache. Mashine nisiguse.

Miaka miwili. Mtu anajenga nyumba, anazaa watoto wawili.

Jumapili, 13 Novemba

Nyumbani. Watu walikuja kwa wingi kuona kovu. Hakuna kovu. Alama nne kama za kuumwa na siafu, nazo zinapotea. Nimewaeleza juu ya miale. Kaka yangu mkubwa alinipapasa kichwa chote mbele ya wageni, akakaa, akasema wazungu wamenidanganya, wamenitazama tu na kunirudisha. Wengine wanasema nina moto ndani, hawataki nishike mbegu, haitaota. Hao ni watu wa shamba, wanaojua mbegu. Nimekasirika mpaka nimetoka nje ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumanne, 7 Machi 1989

Kichwa kiliniuma tangu alfajiri. Nikasema ndiyo hii. Nililala chali sakafuni stoo ya spea, ambako wameniweka sasa, kuhesabu bearing na filta. Sikumwita mtu. Nilitaka kufa bila kutazamwa. Saa saba kikaacha. Ilikuwa njaa tu, sikuwa nimekula.

Jumatano, 19 Julai

Mavuno. Namba saba ina dereva mpya. Anaingiza gia vibaya, naisikia kutoka stoo. Wivu mtupu. Nimeanguka mara moja tu tangu Pasaka, lakini bado kila ninapoinama kufunga viatu nawaza: sasa.

Magdalena amekonda. Ananiongelesha mambo ya kipuuzi siku nzima, jina la mbwa, jina la shangazi, ajue kama ulimi bado unafanya kazi. Leo nimemfokea. Amelia. Sikujua ndivyo alivyokuwa akinilinda.

Alhamisi, 25 Oktoba 1990

Nairobi. Dawa kwenye mshipa wa paja, joto likapanda mpaka usoni, picha. Nilikaa benchi la korido saa tatu. Daktari akatoka na karatasi mbili nyeusi, ya zamani na ya leo, akaziweka kwenye dirisha. Kwenye ya zamani fundo. Kwenye ya leo mahali pale ni patupu.

Nilimwomba anionyeshe tena. Akanionyesha mara tatu. Limeziba lote.

Nilitoka nje nikanunua andazi. Sikuweza kulimeza kwa kulia.

Jumamosi, 10 Novemba

Qamara alikuja saa nne asubuhi. Kwangu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kombaini. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Tukaongea mvua, mahindi, ng'ombe wake aliyezaa. Chai ikaisha, hakuondoka. Magdalena akaelewa, akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

Akasema ana binti, Elizabeti, miaka kumi na mitano. Nimemfahamu mtu huyu miaka kumi na minne. Nimekula kwake. Sijawahi kusikia jina hilo. Anakaa chumba cha nyuma. Anaanguka tangu akiwa na miaka minne.

"Siku ile niliyaona macho yako," akasema. "Nayajua macho yale, ndugu yangu. Nikasema pombe. Pombe mtu anasamehewa."

Zaidi ya miaka miwili nimemchukia kwa bidii, kila Jumapili, nikitazama kisogo chake.

Nilidhani ataniuliza habari za daktari. Aliuliza kitu kingine. Aliuliza: "Ulisimamaje mbele ya watu? Ulianza na neno gani?"

Nikamwambia kweli. Kwamba nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili. Kwamba neno gumu lilikuwa "ninaanguka", na baada ya hilo mengine yalitoka yenyewe. Nikamwambia pia asitumaini mashine ile ya Ulaya, si ya kila anayeanguka, huenda vidonge vikamtosha mtoto. Aliitikia kwa kichwa kila mara, lakini sidhani alisikia zaidi ya lile neno.

Jumatatu tunakwenda Haydom, yeye, mimi na Elizabeti. Tutapandia kituoni, mchana, pamoja na watu wote. Nimemwambia amvalishe sweta, kwenye basi kuna upepo.